Batani Zinazogoma: Mpira, Chumvi na Mafundi wa Pemba

Chukua simu ya batani iliyotumika Pemba miaka mitatu au minne, kitochi cha kawaida tu, uiweke kwenye mwanga. Batani hazikuchakaa sawasawa. 3 na 6 aghalabu bado zina rangi yake ya dukani. Nyota na sifuri zimefutika hadi hazisomeki, 7 imefifia, na 2 inaifuata. Uchakavu huo una hesabu yake. Kufungua M-Pesa ni *150*00#, Airtel Money ni *150*60#, na Ezypesa, waliyoizoea Wazanzibari enzi za Zantel, ilikuwa *150*02#. Msimbo wa M-Pesa peke yake unataka kubofya mara nane, na kati ya hizo mara tatu ni sifuri na mara mbili ni nyota. Kisha kiasi cha fedha, na shilingi yetu haiandikwi bila sifuri: elfu kumi ina nne. Namba za Zantel zilizoenea visiwani zilianza na 0777, ndipo 7 ilipotwishwa mzigo wake. Ujumbe mfupi nao una dhambi yake. Kiswahili kimejaa irabu a, na a iko kwenye 2. Herufi s ni ya nne kwenye 7, kwa hiyo kuandika "sasa" tu ni kubofya mara kumi.

Basi mtu akija kwa fundi, Chake Chake au Wete, akasema mpira wa simu umekwisha kwa kubofywa, anaonekana ana haki. Mimi nasema mpira unasingiziwa. Mpira mzuri wa silikoni hukadiriwa kuvumilia kubofywa mara laki tano hadi milioni moja, na mwingine zaidi ya hapo. Tumchukue wakala wa fedha anayefanya miamala 30 kwa siku, kila mmoja ukiwa na *150*00# na elfu kumi. Sifuri yake inabofywa mara saba kwa muamala, mara 210 kwa siku, mara 76,650 kwa mwaka asipopumzika hata Ijumaa. Kwa kiwango cha chini kabisa cha laki tano, batani hiyo ilipaswa kuishi zaidi ya miaka sita. Mtu wa kawaida, asiye wakala, angeirithisha. Ila simu zinagoma mwaka wa pili, na rimoti ya televisheni isiyowahi kutoka sebuleni inagoma vilevile. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachoua batani kabla ya kidole, na swali la kutengeneza au kutupa halijibiki mpaka kitu hicho kijulikane.

Kwanza tuone kilichomo ndani, maana vifaa hivi havifanani. Rimoti, kikokotoo, redio za mkononi za zamani na GPS nyingi hutumia mpira mmoja mpana wenye vilima vidogo. Chini ya kila kilima pameganda kidonge cheusi cha kaboni. Kwenye bodi, chini ya kidonge hicho, kuna njia mbili za umeme zilizopangwa kama vidole vya mikono miwili vilivyopishana bila kugusana. Ukibofya, kidonge kinalala juu ya vidole hivyo na umeme unapita. Kidonge kipya kina ukinzani mdogo, kwa kawaida chini ya omu 200. Ukinzani ukipanda hadi maelfu kadhaa, chipu inayosoma batani huanza kusitasita, na mwenye rimoti huanza kubofya kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo mpira unapochanika kweli, si kabla.

Simu za batani nyingi ni ukoo mwingine. Mpira unaouona juu haupitishi umeme wowote. Kazi yake ni kusukuma. Chini yake kuna vikombe vidogo vya chuma kisichoshika kutu, vimebandikwa chini ya stika nyembamba, na ndivyo vinavyotoa ule mlio wa "tik" unapobofya. Nokia 1100 iliyotoka mwaka 2003, simu iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, ilifunikwa uso kwa mpira wa kipande kimoja makusudi ili vumbi lisiingie, na ikapewa tochi. Walioibuni walikuwa wanafikiria watu wa aina yetu: njia za vumbi, giza, mikono yenye kazi. Vumbi walilimudu. Chumvi ilikuwa habari nyingine.

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, kinachopata mvua nyingi kuliko Unguja, na hakuna kijiji kilicho mbali sana na bahari. Wakati wa masika unyevu unaingia hata kwenye kabati la nguo. Upepo wa pwani unabeba chumvi laini isiyoonekana, inatua kwenye kila kitu, na chumvi ina tabia ya kuvuta maji kutoka hewani. Ikishaingia kwenye mwanya wa batani inafanya mambo mawili yanayopingana. Mara inakula shaba ya bodi na kuacha ukungu wa kijani, umeme ukakatika. Mara inakuwa utando wenye maji unaopitisha umeme pasipotakiwa, na batani ikajibofya yenyewe usiku kucha hadi betri ikaisha. Mpira wa silikoni wenyewe haudhuriki sana na chumvi wala jua. Unakaa pale, mzima, unalaumiwa.

Juu ya hewa kuna mikono. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar hutoka Pemba, na walimaji wengi ni wanawake wanaoingia majini na simu kifuani, ndani ya mfuko wa nailoni. Wavuvi nao ni hivyohivyo. Msimu wa karafuu una mkasa wake: mchumaji na mchambuaji vidole vyao vimelowa mafuta ya karafuu, na mafuta hayo yana uwezo wa kulainisha baadhi ya plastiki. Kava la simu likishikwa na vidole hivyo msimu mzima, rangi na maandishi yake hulegea upesi. Adui wa mwisho anatoka ndani. Mpira wa silikoni wa bei rahisi, usiopikwa ukaiva, hutoa mafuta yake taratibu kwa miaka. Fungua rimoti ya zamani ambayo haijawahi kumwagikiwa na kitu, uinamishe taa juu ya bodi: utaona utando unaong'aa, unateleza kidoleni, umekusanya nywele za paka na unga wa mkate. Vidonge vya kaboni, badala ya kuwa na weusi mkavu wa makaa, vina mng'ao wa kunata. Mafuta hayo hayapitishi umeme. Ndiyo ugonjwa wa rimoti nyingi, na tiba yake ni kuosha.

Ugunduzi wa tatizo ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayorukwa. Fundi mzuri huanza kwa kuuliza.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii, nyota haiji. Nabofya mpaka kidole kinaniuma."

"Bibi ulishuka pwani nayo?"

"Nilikuwa kwenye mwani bamvua hii, lakini haikuanguka. Iliingia jasho tu."

Fundi hahitaji kusikia zaidi. Jasho na maji ya bahari kwa bodi ni ndugu. Lakini kama bibi angesema 1, 2 na 3 zote zimekufa siku moja, jibu lingekuwa jingine kabisa. Batani hupangwa kwa safu na nguzo, na chipu huzisoma kwa kukutanisha safu moja na nguzo moja. Batani moja ikifa, tazama mpira, kikombe au uchafu mahali pale. Safu nzima ikifa, mpira hauna kosa. Kuna njia ya umeme iliyokatika au mguu wa chipu ulioachia, na kuosha mpira hata mara kumi hakutasaidia. Zote zikifa kwa pamoja, tafuta batani moja iliyoganda chini, maana inayobaki imebofywa huzifunga nyingine midomo. Kwa rimoti kuna kipimo cha bure: ielekeze kwenye kamera ya simu, bofya, utazame taa ya mbele kupitia kioo. Macho hayaioni miale yake, kamera nyingi zinaiona. Ikimulika kwa batani zote isipokuwa mbili, umeshajua ufungue wapi. Isipomulika kabisa, badilisha betri kwanza kabla hujashika bisibisi.

Kisha kuosha. Mpira ukishatoka peke yake unaoshwa kwa maji baridi au vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kwa mswaki laini, usuuzwe vizuri. Maji yawe ya mvua au ya bomba. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvichumvi, na kusuuza kwa maji hayo ni kurudisha ugonjwa kitandani. Uanikwe kivulini, si juani kwenye bati. Vidonge vya kaboni vipanguswe kwa pamba yenye spiriti, mara moja mbili, bila kusugua. Ukiona pamba inatoka nyeusi sana unaondoa kaboni yenyewe, acha. Bodi haiingii kwenye sabuni. Hiyo ni spiriti tu, ile ya isopropili ya asilimia 99 wanayotumia mafundi simu. Spiriti ya duka la dawa inayopakwa ngozini inaweza kuwa na mafuta ndani yake, ikikauka inaacha utando uleule uliokuwa unauondoa. Vitakasa mikono vilivyobaki tangu wakati wa korona ni vibaya zaidi, kwani vimetiwa glisirini.

Katika rimoti na vikokotoo vingi vinavyofika mezani, kazi inaishia hapo. Hakuna spea, hakuna gundi. Ndiyo maana naona ni hasara kubwa kwa mteja kuambiwa "mpira umekufa, nunua rimoti nyingine" kabla kifaa hakijafunguliwa. Wako wanaosema hivyo kwa sababu rimoti mpya zinauzwa rafu ya nyuma yao.

Inapotokea kidonge kimekwisha kweli, kwa maana kaboni imechubuka na chini yake unaonekana mpira wa kijivu, ndipo ufundi wa mtaani unapoonyesha ujanja wake na hatari zake. Dawa maarufu kuliko zote ni karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Inakatwa duara, inabandikwa kwenye kidonge, batani inafufuka palepale na mteja anaondoka anacheka. Ni tiba mbaya kwa Pemba. Karatasi ile ni alumini, na alumini ikipata hewa hujifunika ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Ikigusana na shaba au dhahabu ya bodi huku kuna unyevu wa chumvi katikati, inaliwa. Juu ya hayo ni ngumu kuliko kaboni, hivyo kila ukibofya inakwaruza njia za bodi, na njia hizo zikishachubuka hakuna mpira utakaoziponya. Dawa ya kidonge inakuwa imeua kifaa chenyewe.

Penseli ni afadhali kidogo. Risasi ya penseli laini ni grafiti, inapitisha umeme, na kupaka kidonge kwa 6B au hata HB kunarudisha uhai kwa wiki au miezi. Tatizo ni unga wake. Ukidondoka katikati ya vile vidole viwili vya bodi, batani inahesabiwa imebofywa daima. Anayetumia penseli apake kidonge tu, apulize, apanguse, na amwambie mteja wazi kuwa ni ya muda. Ufutio wa mwanafunzi nao una wapenzi wake. Kwenye bodi zenye dhahabu unaweza kusafisha ukitumiwa taratibu, kwenye bodi zilizopakwa kaboni unafuta bodi yenyewe. Msasa usikaribie kabisa. Petroli hufanya silikoni ivimbe na kupoteza umbo, na tina ya rangi inayeyusha plastiki ya kava pamoja na njia za kaboni.

Tiba inayodumu ni ya kupandikiza. Kila fundi ana boksi la rimoti zilizokufa kwa sababu nyingine: kava limevunjika, chipu imeungua, betri imevuja. Mipira yao ni hazina. Kidonge kizima kinakatwa kwa wembe pamoja na kipande chembamba cha mpira wake, kile kibovu kinakatwa kwa kina kilekile, na kipya kinabandikwa mahali pake. Hapa gundi ndiyo mtihani. Silikoni haishikwi na kitu isipokuwa silikoni mwenzake. Ile gundi kali ya kubandikia viatu inakauka, inaonekana imeshika, halafu inabanduka nzima kama kucha bandia. Inahitajika silikoni ya kuzibia madirisha na mabomba inayopatikana maduka ya vifaa vya ujenzi, lakini si yoyote. Ipo inayonuka siki wakati inakauka. Siki hiyo inakula shaba, kwa hiyo ikitumika lazima mpira ukae nje ya kifaa siku nzima hadi harufu iishe kabisa. Isiyonuka siki ndiyo salama, na ndiyo ya kuomba dukani. Asiye na kidonge cha kupandikiza anaweza kuchanganya silikoni hiyo na unga mwingi wa grafiti akapaka tabaka jembamba. Unga ukiwa mchache, mchanganyiko unakauka mweusi mzuri usiopitisha chochote. Upimwe kwa mita kabla ya kufunga kifaa, si baada. Zipo pia rangi za kupaka zilizotengenezwa kwa kazi hii, za kaboni au fedha, na vidonge vipya vya kubandika. Ni kazi ya kuagiza Dar es Salaam au ng'ambo, na kwa rimoti moja hailipi. Kwa mafundi watatu wanaochangiana chupa, inalipa.

Simu, kama tulivyosema, ni ukoo mwingine na hayo yote hayaihusu. Kikombe cha chuma kikilala bila "tik", hakirudi. Stika inabanduliwa polepole, vitako vya bodi vinasafishwa kwa spiriti, inabandikwa stika mpya yenye vikombe vyake au kikombe kimoja kinahamishwa kutoka simu iliyokufa. Mpira wa juu uliochanika unabadilishwa kwa wa simu ya aina ileile. Hakuna sababu ya kuushona wala kuuunga, kwa sababu haubebi umeme na mapacha wake wamejaa kwenye maboksi ya mafundi. Simu iliyoanguka baharini inatolewa betri mara moja na kusuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, jambo linalowaogopesha wengi, kisha spiriti. Kuifukia ndani ya mchele kunaweza kukausha maji, lakini chumvi haiondoki. Inabaki ndani ikisubiri masika.

Kuna uchakavu mmoja usio wa umeme ambao watu huudharau, nao ni wa maandishi. Mwenye macho na mazoea hahitaji kusoma namba. Lakini juu ya 5 kuna kinundu kidogo, kilichowekwa kwa makusudi ili kidole kijue kipo katikati, na wasioona pamoja na wazee wanakitegemea. Kikisuguliwa hadi kikaisha, simu imekufa kwao ingawa kila batani inashika. Tone dogo la ileile silikoni isiyonuka siki linakirudisha. Upande wa pili, namba zilizofutika zinasema siri. Katika simu ya zamani, tukishatoa nyota, 0, 1, 2, 5 na 7 zinazochakaa kwa kila mtu, batani nyingine zilizofutika peke yake zinaweza kuwa zile za namba ya siri. Namba ya siri ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000. Mwizi akizijua tarakimu nne zenyewe kwa kutazama mpira, anabakiwa na mipangilio 24. Mitandao hufunga akaunti baada ya makosa machache, na hilo ni afueni, lakini wakala mwenye simu ya namna hiyo afadhali abadilishe mpira na namba ya siri siku moja.

Vifaa vya baharini vinataka hukumu kali zaidi. GPS za mkononi ziliingia kwa wavuvi na waongoza wazamiaji hasa baada ya Mei 2000, Marekani ilipoacha kuharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi yake kwa watu wa kawaida. Nyingi zilizobaki Pemba ni kuukuu, na ugonjwa wao mkubwa ni kunata. Hapo si silikoni. Ni tabaka laini la poliyurethani lililopakwa juu ili kifaa kishikike vizuri, na tabaka hilo huvunjikavunjika kwa unyevu, likageuka utomvu. Halioshwi likapona, linaondolewa lote kwa spiriti na uvumilivu, kifaa kikabaki na plastiki yake tupu. Kinakuwa kibaya kwa sura na kizima kwa kazi.

Redio ya VHF ni jambo la roho za watu. Mpira wa batani zake, pamoja na ule wa kitufe cha kuzungumzia, ni mlango unaozuia maji. Kifaa kinachosifiwa kuhimili kina cha mita moja kwa nusu saa kilipimwa kikiwa kimefungwa kiwandani. Kikishafunguliwa mezani, kikakatwa na kuungwa, sifa hiyo imekwisha mpaka gasketi na mpira viwe vipya. Kupandikiza kidonge kwenye redio ya kusikilizia nyumbani ni ufundi. Kukipandikiza kwenye redio ambayo mtu ataitegemea kuita msaada chaneli ya 16 katikati ya mkondo wa Pemba ni kumwekea mtego. Ipate mpira wa kiwandani, au ibaki nchi kavu.

Kifaa cha mwisho hakishikwi mkononi, ila batani zake ni za mpira na uchungu wake unajulikana: mita ya umeme ya malipo ya kabla. Tangu 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika na kisiwa kikaachana na majenereta ya dizeli, umeme umeingia nyumba nyingi, na pamoja nao tarakimu 20 za kuingiza kila unaponunua. Batani moja ikigoma, una fedha umelipa, una tokeni mkononi, na uko gizani. Kishawishi cha kumwita fundi wa mtaani ni kikubwa. Mita ni mali ya Shirika la Umeme, imefungwa lakiri, na ndani yake mna umeme unaoua. Apewe taarifa mwenye mali. Mwenye nyumba anachoweza ni kuifuta kwa kitambaa kikavu na kuwakanya watoto wasiibofye kwa ncha ya kalamu, maana mipira mingi ya mita imetobolewa hivyo.

Turudi kwenye swali la fedha. Kwa nini mtu atengeneze kitochi wakati vipya vimejaa dukani? Kwa simu ya bei ya chini yenye bodi iliyoliwa na chumvi, jibu langu ni asitengeneze. Ile saa ya fundi ina thamani kuliko simu. Akitengeneza mpira tu, sawa, ni kazi ya dakika chache. Lakini vipya navyo vina mashaka yake. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia, watu wengi waligundua kwamba kuukuu yao ya Nokia ilikuwa halali na mpya yao ilikuwa feki. Mpira wa bandia pia ndio unaotoa mafuta mapema. Kwa rimoti ya televisheni kuukuu ambayo mwenzake hauzwi tena, kwa kikokotoo cha mwanafunzi, kwa redio nzuri iliyoletwa kutoka Dubai au Muscat na jamaa aliyekwisha kufariki, kutengeneza kunashinda kila mara.

Ulaya wameanza kulazimisha jambo hili kwa sheria: tangu Juni 2025, watengenezaji wa simu wanaouza kule wanatakiwa kuweka spea muhimu sokoni kwa miaka saba baada ya kuacha kuuza modeli. Uingereza, wapenzi wa kompyuta ya ZX Spectrum ya mwaka 1982, ile ya batani za mpira, bado wananunua mipira mipya iliyotengenezwa upya kwa ajili yao, miaka zaidi ya 40 baadaye, kwa sababu wako wengi na wana fedha za kuchezea. Sheria ile haifiki Mkoani, na hakuna kiwanda kitakachofinyanga upya mpira wa GPS ya nahodha mmoja. Spea za Pemba zitaendelea kutoka kwenye boksi la vifaa vilivyokufa. Mwaka 2022 dunia ilizalisha taka za elektroniki tani milioni 62, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu hazikufika robo. Kisiwa kisicho na pa kuzipeleka taka hizo kina sababu zaidi ya kutozitupa ovyo kwenye mikoko.

Ninachoomba si kikubwa. Kituo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji, na wenzao wanaofundisha elektroniki na simu, waweke siku moja ya masomo kwa ajili ya batani: kutambua safu iliyokatika na mpira mchafu, kutofautisha silikoni inayonuka siki na isiyonuka, kupima kidonge kwa mita, na kukataa karatasi ya sigara. Mafundi wa Chake Chake, Wete, Konde na Mkoani wachangiane chupa ya spiriti ya asilimia 99 na wabadilishane mipira badala ya kila mmoja kulalia boksi lake. Nawe msomaji, ukiambiwa mpira umekufa, omba kifunguliwe mbele yako kwanza.